Waya wa juu ya dari

Jumamosi ya tarehe 13 Mei 2017 bosi alinipigia simu asubuhi na mapema. Alikuwa ameona habari: kirusi cha WannaCry kimefunga kompyuta za hospitali Uingereza, wagonjwa wanarudishwa nyumbani, na kila kompyuta iliyoshikwa inadai dola 300 kwa bitcoin. "Kata intaneti yote," akasema. "Sasa hivi."

Nilimwomba asubiri kidogo. Ilikuwa imeshajulikana kuwa kirusi kile, kabla ya kufanya chochote, hutafuta kwanza anwani fulani mtandaoni. Kikijibiwa, kinajizima chenyewe. Marcus Hutchins, kijana wa Kiingereza, alikuwa ameisajili anwani hiyo Ijumaa, ikaanza kujibu. Sasa kama kimeshaingia ndani halafu wewe ukakata intaneti, umekiachia kazi iendelee. Bosi hakulipenda jibu hilo, na mimi simlaumu, lakini alikubali tuanze kwa kufunga mlango namba 445 kati ya matawi ya ofisi, yaani njia ya mtandao ambayo kompyuta za Windows hupeana mafaili, maana huo ndio kilioupitia kuruka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine.

Ofisini tulikuwa na mchoro wa mtandao uliobandikwa ukutani, wenye rangi na mishale. Kwa mujibu wa mchoro huo, idara ya fedha ilikaa peke yake nyuma ya faiawoli yake, kifaa cha kuzuia wavamizi wa mtandao. Nilikuwa nauangalia alipopita fundi wa umeme, mzee aliyeanza kazi pale kabla yetu sote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona Jumamosi?"

Nikamweleza. Akautazama mchoro, akacheka kidogo, kisha akaenda kuleta ngazi. Kwenye korido aliinua ubao mmoja wa dari. Ndani, katikati ya vumbi na kinyesi cha mijusi, swichi ndogo ya mtandao, ya matundu manane, ilikuwa inawakawaka taa. Waya mmoja ulitoka mapokezi, kwenye Wi-Fi ya wageni. Mwingine uliteremka moja kwa moja hadi fedha.

"Hii ya muda tu," akasema mzee. "Waliweka wakaguzi walipokuja, wapate kuchapa karatasi zao."

Wakaguzi walishaondoka miaka mingi. Nikaufuata waya ule hadi chini ya meza ya mhasibu, nikakuta kompyuta ya Windows XP imefunikwa kitambaa cha kufuma, safi kabisa. Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la Windows ambalo kirusi kilipitia tarehe 14 Machi, lakini XP ilishaachwa tangu 2014, na kiraka chake cha hadharani kilitoka baada ya vurugu kuanza. Faiawoli tuliyoinunua kwa bei ya gari ilikuwa inalinda mlango wa mbele wa nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Tangu hapo, nikiitwa kukagua mtandao wa watu, naanza kwa fundi wa umeme, ndipo nimwone mkuu wa TEHAMA.

Kirusi hatukukikuta. Swichi tuliing'oa siku ileile, lakini XP haikung'oka, maana programu ya mishahara ilikataa kukaa kwenye Windows mpya. Tukaiwekea kiraka, tukaitenga peke yake pamoja na printa yake, na matundu ya flashi tukayaziba. Mhasibu, aliyezoea kuchukua nyimbo za kwaya humo, alininunia mpaka mishahara ya mwezi ule ilipotoka.