Wimbo wa Saba

Mwaka 2011 nilikuwa na ugonjwa wa kupakua shoo. Kijiwe changu kilikuwa Live Music Archive, ghala la rekodi za maonyesho lililofunguliwa mwaka 2002 ndani ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, pamoja na watu wa etree, jumuiya ya wabadilishanaji wa rekodi za shoo. Niliingia kwa sababu ya Grateful Dead, kama wengi, bendi ya roki ya Marekani iliyowaachia mashabiki wake warekodi, na mwaka 1984 ikawatengea sehemu yao ukumbini. Nikaishia kwa bendi ambazo hata jina sikuwahi kulisikia. Pale hakuna wizi: bendi iwe imeridhia, na rekodi haiuzwi.

Usiku mmoja nikabofya bendi ya watu watatu kwa kuwa tu jina lao lilinichekesha. Nikachagua FLAC, mafaili makubwa yasiyopunguza ubora wa sauti, maana MP3 nilikuwa naidharau (majivuno ya ujana), nikangoja karibu saa tatu mafaili yashuke kwa intaneti ya kobe. Rekodi ilichukuliwa moja kwa moja kwenye mikseri ya fundi mitambo. Safi mno: gitaa huku, besi kule, na makofi kwa mbali kama mvua inayonyesha mtaa wa pili.

Wimbo wa saba ulinitoa usingizi. Besi ilianza peke yake, ikazunguka noti nne zilezile mpaka nikadhani wenzake wameondoka jukwaani. Nikafungua faili la maandishi linaloambatana na rekodi, lile lenye orodha ya nyimbo na vifaa vilivyotumika. Namba 7 ilikuwa na alama ya kuuliza. Basi.

Nilijaribu kutafuta kwa maneno ya kiitikio, lakini mwimbaji alikuwa akiyatafuna. Nikarudi kwenye ghala, nikakuta shoo hiyohiyo imerekodiwa pia na shabiki aliyesimama na maikrofoni yake katikati ya watu. Alitumia kaseti ya dakika 90. Upande wa kwanza ulipoisha ikabidi ageuze, na sekunde kadhaa za wimbo wa tano zikaenda na maji. Sauti nzito, ya kabatini. Jirani yake alikuwa na kikohozi kibaya, maskini, na hakwenda nyumbani.

Nikavaa hedifoni nikatega sikio kwenye kile kimya kabla ya wimbo wa saba. Mwanamke mmoja, karibu kabisa na maikrofoni, akapiga kelele maneno matatu. Watu wakacheka. Besi ikaanza.

Kwenye rekodi ya mikseri sauti yake haikuwepo kabisa. Nilirudia mara tano hivi kabla ya kuyapata yale maneno yote, nikayaandika kiganjani kwa kuwa karatasi ilikuwa mbali, nikayatafuta pamoja na jina la bendi. Yakanipeleka Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki huuza kazi zao, kwenye albamu waliyoitoa wenyewe bila kampuni yoyote. Wimbo wa pili, jina ni maneno yaleyale matatu. Nikailipia albamu nzima bila kuonja nyimbo nyingine.

Toleo la studio ni la dakika tatu na nusu. La ukumbini lilikaribia kumi. Lile la studio ni zuri, limenyooka, hata maneno yanasikika. Nikalisikiliza hadi mwisho gizani, na karibu na kiitikio cha pili nikajikuta nangoja mtu akohoe.