Mashine ya oksijeni nyumbani: hesabu ya LUKU

Mashine ya oksijeni ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi. Ikiwaka saa 24 ni uniti 8.4 kwa siku, yaani 252 kwa mwezi. Uniti 75 za mwezi za D1, bei nafuu ya wanaotumia umeme kidogo, zinaisha siku ya tisa, kwa hiyo usihangaike kubaki huko. Piga hesabu ya T1, bei ya matumizi ya kawaida. Shilingi 10,000 hutoa takriban uniti 28, hivyo tenga kama 90,000 kwa mwezi kwa mashine peke yake.

Kupunguza lita ili kuokoa umeme ni kujidanganya: kompresa inazunguka vilevile, anayepungukiwa ni mgonjwa. Lita anabadilisha daktari tu.

Kinachosaidia ni chujio la sponji. Lifue kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, likauke kabisa ndipo ulirudishe. Likiziba, mashine huchemka na kujizima. Iache sentimita 30 kutoka ukutani, na uichomeke moja kwa moja kwenye soketi, si kwenye ekstensheni.

Umeme ukikatika? Betri ya kawaida ya volti 12, Ah 100, ikitumika nusu ili isife mapema, hutoa saa moja na nusu hivi, tena kwa inveta (kigeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi) ya mawimbi safi. Mtungi wa oksijeni wa akiba una maana zaidi.

Na baridi ya Juni huku Mbeya: jiko la mkaa lisiingie chumba hicho kabisa. Oksijeni hukoleza moto, na moshi wenyewe ni sumu kwa mapafu hayo.