Nilivyompeleka kaa kwa darasa la pili, baada ya bahari kunikatalia

Mwalimu mwenzangu mmoja aliniambia, "Bahari ni bahari tu, haina siku. Chagua Alhamisi moja uende." Mimi mtu wa Kondoa, bahari nimeiona nikiwa na miaka 22. Nikaamini. Kila nikikutana naye ofisini bado namdai.

Shule yetu iko upande wa Msata. Kwa lami, Bagamoyo ni kilomita 60 na kitu tu, lakini kati ya watoto 41 wa darasa langu la pili, waliosema wamewahi kufika ufukweni walikuwa 6. Baadaye ilijulikana wawili kati yao waliiona kwenye televisheni wakahesabu. Nilichora kaa ubaoni, mtoto mmoja akaniuliza kama huyo ni buibui aliyeshiba. Nikasema basi, twende wakamwone wenyewe.

Vibali na sahihi za wazazi nisizungumzie, kila mwalimu anajua mzunguko wake. Pesa wazazi walichanga elfu tano tano, wengine tatu, wengine ahadi. Coaster ilikula laki mbili na ushee, na habari ya mafuta tulibishana na dereva mpaka asubuhi ya safari.

Safari ya kwanza nilijiandaa kama naenda kukaguliwa. Nilichapisha karatasi ya maswali 40, kila mtoto na yake, kwa ushauri wa mwalimu yuleyule. Nikawaambia wavae viatu vya shule, wapendeze. Tulifika Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, saa nne kasoro, watatu wameshatapika. Magofu tuliyapita harakaharaka (msikiti wa karne ya 13, lakini kwa darasa la pili ni mawe) tukashuka kwenye mikoko.

Hapakuwa na pa kushukia. Maji yamekaa kwenye mashina ya mikoko, yametulia kabisa, kama yanatusubiri tuseme tumefuata nini. Ile mizizi niliyowaahidi watoto, inayosimama kama miguu ya buibui, ilikuwa chini. Matope yaliyojaa kaa yalikuwa chini. Tulibaki watu 44 kwenye kipande cha mchanga kinachotosha harusi ndogo. Ndani ya dakika kumi kiatu kimoja kilikuwa kinaelea, karatasi za maswali zimekuwa mitumbwi, na binti mmoja analia kwa sababu ameonja maji ya bahari akadhani amekunywa dawa.

Pembeni alikuwepo mzee anashona wavu. Nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mmekuja kuogelea?"

"Hapana, nataka watoto waone kaa na mizizi ya mikoko."

Alicheka mpaka wavu akauweka chini. "Leo mwezi saba, mwalimu. Maji mafu haya."

Nikamsahihisha kwa kujiamini kabisa: "Hapana mzee, huu ni mwezi wa tisa."

Hapo akaita na mwenzake aje asikie.

Kumbe mzee alikuwa anahesabu siku za mwezi wa angani, siku ya saba tangu uandame. Alinieleza taratibu, kama mimi ndiye niliyekuwa darasa la pili. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Na pwani yetu ina mtindo wake: siku za bamvua maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, lakini siku za maji mafu saa hiyohiyo ndiyo yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. "Njoo mwezi pili au mwezi tatu," akasema, "saa hizihizi utatembea mpaka kule." Akanyoosha kidole mahali palipokuwa na mtumbwi unaelea.

Tulikula maandazi tukarudi. Ndani ya gari watoto waliimba kwa furaha zao, wao walikuwa wameona bahari. Aliyefeli nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo kalenda yangu ni ile ya Kiislamu inayoning'inia dukani kwa jirani. Mimi si Mwislamu, lakini kila nikienda kununua chumvi naangalia leo mwezi ngapi, mpaka mwenye duka akaanza kuniuliza kama nina nia ya kusilimu.

Mara ya pili tulikwenda mwezi tatu. Watoto 38, maana wazazi watatu waligoma kuchanga tena na siwalaumu. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Beji za shingoni nilizofikiria kununua nikaachana nazo, nikachana kanga kuukuu mbili, kila kundi likafungwa kitambaa cha rangi moja mkononi. Viatu: malapa au raba zilizochoka, zenye kufunga kisigino ndizo nzuri zaidi, kwa sababu matope ya mikoko yananyonya malapa hayarudishi. Ndimu iliyokatwa ya kunusa garini inasaidia, alitapika mmoja tu. Na maswali 40 sikubeba.

Nilibeba matairi ya baiskeli. Hapa naomba nijisifu. Safari ya kwanza niligundua kwamba ukimwambia mtoto wa miaka 7 "angalia mazingira", anakimbia. Ukimwambia asikimbie, anakuangalia wewe. Nikaenda kwa fundi baiskeli, nikaomba matairi yaliyokwisha kabisa, akanipa 20 bure akidhani nakwenda kuchoma. Dereva aliyafunga juu ya gari, tukaonekana kama tunahama. Tulipofika, maji yamekwishatoka, tope linang'aa mpaka mbali, nikawagawa wawiliwawili, tairi moja kila jozi. Sheria: laza tairi chini, chuchumaa, humo ndani ndimo mwako, usiguse kwanza, na mwalimu huitwi mpaka muwe na vitu vitatu.

Kelele zilidumu kama dakika mbili. Kisha zikafa zenyewe.

Kaa wa kwenye tope wakisikia mshindo wanaingia mashimoni wote. Mkitulia, baada ya dakika chache wanaanza kutokeza macho, mmoja, wawili, halafu tope zima linatembea. Dume ana gando moja kubwa kupita kiasi, analipunga juu na chini, na lile lingine dogo ndilo la kulia chakula. Nilikuwa nasogea kwenye tairi la dogo mmoja, yule ambaye darasani nimemkalisha mbele kwa sababu hakai, nikafungua mdomo nimweleze. Hakunigeukia. Akanyoosha mkono nyuma: "Nyamaza mwalimu, wanatoka." Nikanyamaza. Alikuwa na mashimo 23 kwenye tairi lake na mwenzake alisema 21, na ugomvi ule uliendelea mpaka Msata.

Mzee wa wavu alikuja kututazama. Alichuma jani la mchu, aina mojawapo ya miti ya mikoko, akawaambia walambe, kisha jani la mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, walambe. La mchu lina chumvi. Mimi nikadakia kwamba ni maji ya bahari yamerukia. Mzee akatikisa kichwa, akachuma jani la juu kabisa lisilofikiwa na maji, nalo chumvi: mchu unajitolea chumvi kupitia majani. Kwa hiyo siku hiyo nilisahihishwa mara mbili mbele ya wanafunzi. Ila ukilitumia somo hili, waambie kabisa kwamba majani mengine hayalambwi. Mimi nilisahau, na Jumatatu mama mmoja alikuja shuleni kuniuliza kwa nini mwanawe amelamba mwarobaini wote wa uani na sasa yuko kwenye mnyonyo.

Mbegu za mkoko pia ziliwashangaza, zinavyoota zikiwa bado juu ya mti, ndefu kama maharage ya ajabu, kisha zinadondoka. Watoto wanne walificha mfukoni. Nilijifanya sijaona.

Kosa la safari ya pili lilikuwa choo. Sikulifikiria. Watoto 38, wametoka alfajiri na chai. Ombeni nyumba ya karibu mapema, kabla hamjahitaji, na mbebe maji na sabuni yenu. Saa tano na nusu tulikuwa tumeshatoka kwenye tope, kwa sababu maji yakianza kurudi kwenye tambarare yanarudi kwa vijito nyuma yako wakati wewe unatazama mbele. Nilihesabu watu kwa vitambaa, halafu nikahesabu matairi. Yalikuwa 19.

La ishirini mzee alikuwa ameshalikalia, anaendelea kushona wavu wake. Nilimwachia kilo ya sukari na tairi lake. Mwezi pili ujao tunarudi na darasa la tatu, na yule mwalimu wa "bahari haina siku" nimempa kazi ya kubeba ndoo ya choo.