Usiku nilioangalia muvi ya 1931 na baba, sauti nimezima

Baba yangu alianza kupoteza usikivu taratibu, mwanzoni tulidhani ananyamaza tu kwa sababu hataki kujibu, kumbe hasikii. Kufikia kipindi hicho ninachokisimulia sikio la kulia lilikuwa limeshakufa kabisa, la kushoto linashika kidogo ukimsogelea na kupaza sauti, kwa hiyo ukikaa naye lazima uwe na daftari na kalamu. Kilichoniuma zaidi ni habari ya muvi. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kuangalia muvi, ndiye aliyekuwa akinionyesha ona huyu anavyoshika kikombe, huyu anadanganya, na sasa sisi tukikaa mbele ya tivii yeye anageuza kiti anatazama dirishani. Maandishi ya chini nilishamwekea mara nyingi tu. Muvi za siku hizi watu wanaongea mfululizo, mstari unatokea unapotea hajafika hata katikati, na akikazana kusoma basi nyuso za watu hazioni tena. Mwisho akaniambia, "Acha tu mwanangu, nachoka."

Sasa jioni moja tukabaki wawili tu nyumbani. Kwenye kompyuta nilikuwa na City Lights, muvi ya kimya ya mchekeshaji Charlie Chaplin, ilikaa miezi sijaifungua kwa sababu akilini mwangu muvi za kimya ni za wanaosomea filamu, sio za mtu kukaa kufurahi. Nikamwandikia kwa herufi kubwa HII HAINA MAONGEZI. Akasoma, akaniangalia, akasogeza kiti. Na mimi nikazima sauti kabisa, nilitaka tuangalie sawasawa, nisiwe na kitu ambacho yeye hana.

Hiyo muvi ilitoka 1931, na muvi zenye maongezi zilishaanza kuteka watu tangu 1927, yaani Chaplin alikuwa anaenda kinyume na wenzake wote. Aliweka muziki, tena sehemu kubwa aliutunga mwenyewe, na milio miwili mitatu, ila mtu kufungua mdomo ukamsikia anaongea, hapana. Yule kapuku wake wa kofia na fimbo, anayemwigiza mwenyewe, alikuwa anaeleweka dunia nzima bila lugha, angempa lugha moja ingekuwaje?

Karibu na mwanzo kuna sini ya binti muuza maua asiyeona. Barabara imejaa magari, kapuku anamkwepa polisi, anapita ndani ya gari la kifahari lililosimama na kutokea mlango wa pili, na binti kwa kuwa kasikia mlango anajua aliyeshuka ni tajiri, anamnyooshea ua. Ua linaanguka, kapuku analiokota, lakini binti bado anapapasa chini kulitafuta, na hapo ndipo kapuku anagundua kwamba haoni. Kisha mwenye gari anarudi, anaingia, anafunga mlango, gari linaondoka, na binti anaamini ni mteja wake kaenda zake bila kuchukua chenji. Kapuku bado amesimama pale pale! Anaondoka kwa kunyata ili asimharibie ile picha aliyonayo kichwani.

Mimi hapo sikuelewa. Nilikuwa namwangalia Chaplin tu. Baba ndiye aliyesema, kwa sauti kubwa kama wanavyoongea wasiosikia, "Kasikia mlango!" Nikarudisha nyuma. Kweli, shingo ya binti inageuka kidogo tu kufuata gari, ni kitu cha sekunde, na muvi nzima imesimama juu ya hiyo shingo, kwa sababu bila huo mlango binti hana sababu ya kumdhania ni tajiri. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hiyo sini Chaplin aliirudia mamia ya mara, na kazi ya kuipiga muvi nzima ilianza mwisho wa 1928 ikafika 1930. Sikushangaa hata kidogo. Fikiria kumwonyesha mtu mlio wa mlango kwenye muvi isiyo na sauti, tena kupitia mtu asiyeona.

Na mabango ya maandishi yanayokatiza picha badala ya maongezi ni machache halafu yanakaa, yanakusubiri. Baba alikuwa anayasoma hadi mwisho, anapumua, ndipo picha inarudi. Sikuandika chochote kwenye daftari usiku ule. Kwenye karamu kapuku anameza filimbi, kila akipata kwikwi inalia tumboni, anatoka nje na teksi inasimama, mbwa wanakuja mbio wamzunguke, na baba alishaanza kucheka wakati mbwa ndio kwanza wanatokea. Ilikuwa imepita muda mrefu sana sijamsikia akicheka kabla yangu.

Ile sini ya mwisho siwezi kuipita haraka. Binti sasa anaona, kwa pesa za matibabu alizopewa na kapuku, ana duka la maua, na kapuku yuko nje ya kioo nguo zimechanika, binti anamcheka tu kama maskini yeyote. Anatoka ampe ua na sarafu. Anamshika mkono aiweke ile sarafu, na vidole vyake vinasimama. Vinabonyeza tena ile ngozi, vinapanda kwenye mkono, vinafika kwenye koti. Uso wake unabadilika polepole mno, sio kwa furaha hasa, sijui niiteje, ni kama mtu anayefungua mlango akamkuta mgeni aliyekuwa akimtarajia kwa sura nyingine. Muvi inaishia kwenye uso wa kapuku, ameshika ua, vidole viko mdomoni, anatabasamu na anaogopa kwa pamoja.

Kioo kikawa cheusi. Baba hakusogea, na mimi sikutaka kuwasha taa. Baada ya muda akanigusa bega.

"Rudisha pale kwenye mlango."

Tukaiangalia mara nne ile sini, kila mara kidole chake kiko kwenye kioo, juu ya shingo ya yule binti, kikisubiri igeuke.