Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta, Kariakoo

Saa 2 asubuhi nilifungua. Hadi saa 5 nilikuwa nimepiga Windows kwenye laptopu, nimesugua miguu ya RAM, kile kibao cha kumbukumbu, kwa raba ya penseli, na kompyuta iliyokuwa inalia bipu tu ikawaka. Kazi hizo hazichoshi.

Saa 6 mama mmoja wa Tabata akapiga simu. Spika za kompyuta yake zinanguruma hata muziki ukizimwa. "Nimeshanunua mpya, fundi, na Windows imepigwa upya. Njoo na spika nzuri." Sikubeba spika. Nilibeba mita ya kupimia umeme, bisibisi na ekstensheni yangu.

Foleni ya Buguruni ikanifikisha karibu saa 8.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Spika ziko wapi?"

Nilichomoa jeki ya spika kwenye kompyuta nikaichomeka kwenye simu yangu: muziki safi. Spika nzima hizo. Nikairudisha kwenye kompyuta: mngurumo. Nikashusha sauti ya Windows hadi sifuri, mngurumo uleule, kwa hiyo programu haihusiki. Mama alikuwa amenisimamia mgongoni. "Unachomoa na kuchomeka tu. Mwenzako alimaliza kwa nusu saa." Alimaliza kweli, na mngurumo ukabaki.

Nikagusa kasha la CPU. Vidole vikatekenywa, mngurumo ukabadilika. Ndipo nikaanza kupata picha, na hapohapo luku ikaisha. Mwanawe akanunua umeme kwa simu, akaingiza zile tarakimu 20, akakosea, akaanza upya. Tukakaa bila umeme na joto lile, mama akaniuliza kama na muda huo nitamdai.

Umeme uliporudi nilipima soketi ya ukutani: volti 230 hivi kati ya laini na nyutro, na hivyohivyo kati ya laini na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Iko sawa. Kwenye ekstensheni yao, ethi hakuna. Nikaifungua: plagi ya miguu mitatu, ndani nyaya mbili! Kompyuta ikikosa ethi, kasha lake linaweza kubaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini ukipita kwenye waya wa spika unasikika: ndio ule mngurumo wa umeme wa hezi 50. Nikaweka ekstensheni yangu ya nyaya tatu. Kimya.

Halafu: trrr-trrr-trrr.

"Umeona sasa?" mama akasema. Kitochi chake kilikuwa juu ya spika. Simu ikiwasiliana na mnara kwa 2G hurusha mawimbi kwa vipande, kama 217 kwa sekunde, na spika huvinasa. Nikakihamishia kwenye kochi, basi.

"Kumbe waya tu? Elfu tano inakutosha."

Nilichoka, lakini sikupandisha sauti. "Mama, waya una bei yake. Kuutafuta ndiyo kazi yangu. Zile spika mpya ulizonunua bila sababu zilikugharimu ngapi?" Alinyamaza, akalipa nilichotaja. Kwenye risiti niliandika kwanza uchunguzi, ndipo ekstensheni.

Jua lilishazama niliporudi dukani. Kulikuwa na kompyuta inayojizima, kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) za mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, zimevimba vichwa. Nikazitoa kwa hauya, chuma cha moto cha kuyeyushia risasi, nikaweka zenye uwezo uleule wa mikrofaradi na volti zisizopungua za zile za mwanzo. Mgongo uliniuma hadi kiunoni. Ikawaka. Niliiacha inafanya kazi huku nafagia, haikujizima tena, na mwenyewe anaifuata kesho saa 3.