Njoni Mfungue Kinywa

Basi la kutoka Makumbusho kwenda Bagamoyo lilikuwa limejaa kabla hatujafika Tegeta. Kijana niliyekaa naye siti moja alikuwa na ndoo ya rangi katikati ya miguu, brashi zimefungwa kwa mpira, naye tangu Bunju akiimba pambio kwa sauti ya chini. Nikamuuliza anasali wapi. "Leo nasali Kerege, dada. Kuna nyumba ya kupaka rangi inanisubiri." Akashuka na ndoo yake, bado anaimba.

Safari hii niliitaka kwa muda mrefu, kwa sababu furaha yangu katika Bwana ilikuwa imebaki ya Jumapili tu. Jumatatu ikifika, ni foleni, kodi na simu za ofisini.

Mimi ni Mlutheri, lakini nilipofika Bagamoyo nilianzia misheni ya Wakatoliki. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Waliwakomboa watumwa, wakawajengea kijiji, wakalima pamoja nao, wakafundisha watoto kusoma na ufundi. Nilikaa kwenye makaburi yao. Wengi walikufa kwa homa wakiwa bado vijana, na kazi yao ya kila siku ilikuwa jembe, randa na kuuguza wagonjwa. Nadhani tunawasimulia vibaya tunapotaja mahubiri yao tu.

Karibu na hapo upo mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874. Wageni husimama kumwaza yeye. Mimi niliwawaza Chuma na Susi na wenzao, walioubeba kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Kila asubuhi, kwa miezi mingi, kuamka na kujitwisha tena. Hakuna aliyekuwa akiwapigia makofi huko porini. Kwangu hiyo nayo ni imani, na ningetamani tuihubiri zaidi.

Njaa ikanipeleka soko la samaki. Mashua zilikuwa zimeingia, dalali ananadi fungu la vibua mchangani, na pembeni kina mama wanakaanga kwenye makarai makubwa juu ya kuni. Nikamwamkia mmoja wao, mtu mzima, kanga kaifunga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huku, moshi utakuumiza macho."

Alimpasua changu ubavuni mara tatu, akampaka chumvi na ndimu hadi ndani ya mipasuo, kisha akamtumbukiza taratibu akianzia mkia, mafuta yasimrukie. Nikamuuliza biashara ikoje. Akasema usiku uliopita bahari ilikuwa mbaya, samaki wamepanda bei, faida ndogo. "Lakini Alhamdulillahi, nimeamka mzima na moto umewaka." Hakuyasema kama mtu anayejifariji. Alikuwa anacheka na jirani yake huku akigeuza samaki.

Hapo ndipo Yohana 21 iliponijia. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Petro bado ana aibu ya kumkana Bwana wake. Yesu amefufuka, ameshinda mauti, na kulipokucha yuko ufukweni. Amewasha makaa. Ameweka samaki na mkate. "Njoni mfungue kinywa." Petro aliulizwa maswali yake magumu baadaye, baada ya kushiba. Nimeisoma sura hii tangu kipaimara, na sijawahi kuisoma nikinusa moshi.

Nikala pale pale kwenye benchi, kwa mkono, na ndizi za kukaanga na kachumbari. Kabla ya kula nikainamisha kichwa nikamshukuru Mungu kwa yule mama, kwa wavuvi, kwa fundi rangi wa Kerege, na kwa Jumatatu inayokuja na kazi zake. Mama akanyamaza hadi nilipomaliza. Kisha akasema "Amina" kwa sauti, akaniongezea ndimu, akauliza kama nataka na pweza. Nikamwambia aniwekee.