Maneno ya kukhu niliyoyanyoosha

Jumapili jioni, Kisumu. Mvua imetoka upande wa ziwa tangu saa kumi, stima imepotea mara mbili, na mimi niko kitandani na simu yenye chaji asilimia 31, natafuta sentensi moja kati ya 612.

Mama alipiga mchana kutoka Mumias. Binamu yangu anaolewa Desemba, na kina mama wamekubaliana kwamba kadi za arusi zibebe lile neno la kukhu, yaani nyanya yetu, lile la mlango. "Si wewe ndiye huandika-andika maneno ya watu? Nitumie basi." Nikamwambia dakika tano. Hiyo ilikuwa saa saba.

Tabia yenyewe ilianza kidato cha pili. Mwalimu wa Kiswahili alitaka methali hamsini kufikia mwisho wa muhula, kila mtu na daftari lake la Kasuku. Wenzangu walifika hamsini wakafunga kazi. Mimi nikaendelea, nikaingiza na vijembe vya shangazi na hata maneno ya mpishi wa shule. Kwenye jalada niliandika kwa kalamu nyekundu: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nilijiona mjanja sana. Tulipohama nyumba daftari likapotea, na habari zake sijazipata hadi leo.

Tangu 2019 naweka kwenye simu. Mwanzo nilitumia programu ya noti iliyokuja na simu yenyewe, kisha nikahamia Obsidian, kwa sababu moja tu: kila noti ni faili ya maandishi ya kawaida iliyokaa ndani ya simu yangu, bando likiisha inafunguka vilevile. Ninaokota popote. Migongo ya matatu za Kakamega, hasa tukikwama Kiboswa. Hotuba za mazishi, maana huko watu husema ukweli hata bila kukusudia. Na leso, yaani kanga, na maneno yake.

Kwa leso nilikuwa mvivu. Nilipiga picha, nikaacha simu isome herufi na kuzigeuza maandishi. Ndiyo sababu nina noti nne zinazoanza na "K.H.E. – MALI YA ABDULLA". Anayejua leso anajua hiyo ni chapa ya wenye biashara kule Mombasa, lakini simu haijawahi kuvaa leso. Kwa miezi kadhaa, kwa mujibu wa mkusanyo wangu, "Wasemao na waseme" ilikuwa kauli ya bwana mmoja aitwaye Abdulla. Sijaifuta hata moja kati ya hizo nne.

Haya, tafuta: "kukhu". Hakuna kitu. Nikajaribu "nyanya". Ikaniletea orodha za sokoni Kibuye: nyanya za hamsini, dania, vitunguu, omena gorogoro moja.

Kutafuta kwa Kiswahili kwenye simu kuna mitihani yake. Programu inalinganisha herufi tu. Ukiandika "neno" inakuletea na "maneno", hapo ni bahati. Ukiandika "mtu", watu wote wamekukimbia. "Jicho" haioni "macho". Nilikuwa na lebo ya "mzazi" na nyingine ya "wazazi", kila moja imebeba nusu ya familia. Vitenzi nimejifunza kuvitafuta kwa mzizi: "pend" inaleta anapenda, kupendwa, akupendaye, hata pendo. Mapenzi yanaponyoka, hayo inabidi uyatafute kivyake, kama kawaida yake. John Locke, yule mwanafalsafa wa Uingereza, alichapisha mwaka 1686 njia yake ya kupanga daftari la nukuu: chukua herufi ya kwanza ya neno kuu, kisha irabu ya kwanza inayofuata, hapo ndipo mahali pa nukuu yako. Nikaijaribu jioni moja. Mtu, mtumwa, msumari, mkufu, mchuzi, wote wakaingia mlango mmoja, M na U. Hakusumbuliwa na ngeli, huyo.

"Mlango" ndiyo iliyonifikisha. Noti saba, na ya tano ilisema: "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Tarehe 14 Aprili 2019, saa 5:47 usiku. Hakuna jina la msemaji, hakuna mahali. Lakini tarehe niliijua. Ilikuwa wikendi niliyokwenda Mumias, kukhu akiwa bado na nguvu za kukaa kwenye kile kigoda cha jiko la nje, anachambua mrenda, majani kwenye ungo na vijiti miguuni. Jirani alikuwa ameweka geti jipya la chuma lenye simba wawili wa dhahabu, na mgeni mmoja hakuwa na habari nyingine ila hilo geti. Kukhu hakuinua kichwa. Akasema neno lake kuhusu mlango, wote wakacheka, na mgeni naye akacheka akachelewa kidogo.

Na hakusema hivyo nilivyoandika. Nusu ya kwanza, ndiyo. Nusu ya pili ilikuwa yake mwenyewe, na ndiyo iliyowachekesha watu. Usiku ule, nikiwa tayari nimerudi Kisumu, nilifungua kamusi ya methali, nikaiona ile "sahihi", nikaandika ile sahihi. Nilimsahihisha kukhu. Yule mwanafunzi wa methali hamsini alikuwa bado yu hai ndani yangu, na kukhu mwenyewe alitutoka 2021.

Nimempigia Mama nikaungama. Hakukasirika, aliguna tu. "Mbona hiyo mimi naijua? Nyumba njema si mlango, ni nani yuko jikoni." Nikaiandika palepale, na chini yake: Mama, kwa simu, Jumapili, mvua, anasikika akipepeta maharagwe.

Kosa langu lilikuwa kumwingiza mama mdogo kwenye simu ili athibitishe. "Nani? Nani gani? Alisema *nini* kiko jikoni! Mama yetu alikuwa mtu wa chakula, dada, wewe unamgeuza sheikh." Mama akamjibu kwamba kukhu alikuwa akimsema mke wa jirani, na ndiyo sababu watu walicheka. Mama mdogo akasema walicheka kwa sababu nyumba yenye simba wawili getini ililaza watoto njaa. Nilikaa kimya nikawasikiliza dakika kumi na nne, salio langu likiyeyuka, nikajaribu kuirudisha ile sauti ya kwenye kigoda. Kuna siku naisikia nani. Usiku huu naisikia nini.

Noti sasa ina mistari miwili, kila mmoja na mwenyewe, na ile ya kamusi nimeiteremsha chini kabisa. Mtu wa kuchapa kadi anataka jibu Jumanne.

Chaji imebaki asilimia 9. Mama mdogo ametuma ujumbe sasa hivi: anauliza kama wake umewekwa juu au chini ya ule wa dadake.